Kisu Huazimwa

Kabla ya kutoka nyumbani mwanaume hujipapasa. Simu ipo, funguo zipo, hela ipo. Huku Basotu, kwenye nyanda za magharibi mwa Mlima Hanang, wengi huongeza kisu. Kikiwa cha kukunja kinakaa mfukoni, kikiwa cha ala kinaning'inia kwenye mkanda chini ya shuka. Na wapo wachache, wachache mno, ambao mkono wao hugusa mahali pamoja zaidi, kiunoni upande wa kulia, pale ambapo shati limeachwa nje ya suruali kwa makusudi.

Ninayemfahamu mimi ni mfanyabiashara wa ng'ombe. Hununua katika minada ya Basotu, Katesh na Haydom, anapakia lori, anasindikiza mzigo hadi Arusha, na bei ikiwa nzuri hadi Pugu, Dar es Salaam. Ana bastola na ana kisu. Bastola ina leseni, kisu hakihitaji. Vyote viwili hufungwa kwenye mkanda mmoja asubuhi na kufunguliwa usiku, lakini ukishinda na mtu huyu siku nzima ya mnada utaona kwamba kila kimoja kina maisha yake. Kisu hakitulii. Nimekitumia mimi, amekitumia dereva wake, amekitumia mama muuza chai kufungulia mfuko wa sukari, na kuna kijana alikichukua kukatia kamba akapotea nacho mpaka tukaanza kumtafuta. Bastola sijaiona. Najua ipo kwa jinsi anavyokaa.

Tunapolinganisha vitu hivi viwili tunakimbilia kusema kipi kinaua haraka na kipi kinafika mbali. Kwangu mimi tofauti kubwa iko kwingine: kimoja kinaazimika na kingine hakiazimiki. Na mahali ambapo watu wanaazimana jembe, dume la kupandishia, chumvi, hata mtoto wa kuchunga, kutembea kutwa na kitu kisichoazimika si jambo dogo.

Anayetaka kukielewa kisu aanzie penye nyama. Vipande vya mbuzi vimechomekwa kwenye vijiti vilivyosimamishwa kuuzunguka moto, mafuta yanadondoka, moshi unawafuata watu kokote wanakohamia. Unanunua mguu au ubavu, unapewa juu ya kipande cha ubao, na chumvi na pilipili kwenye karatasi. Kisu hupewi. Mchomaji anavyo viwili vitatu na vyote viko kazini. Basi kundi zima linamgeukia mwenye chake. Tunasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na wengi huisema methali hii kumsifu mbabe. Mnadani nimeona kinyume. Mwenye kisu ndiye anayekula mwisho. Anakata, anasukuma upande wa wenzake, anakata tena. Mzee anachaguliwa pa laini kwa ajili ya meno, mtoto aliyeleta maji ya kunawa anapata mfupa wenye mnofu, mpita njia aliyesalimia anakaribishwa, na mkataji akija kulikumbuka tumbo lake nyama imeshapoa na mafuta yameganda kwenye ubao.

Ukimwomba kisu hakurushii. Anakifuta, anakigeuza, mpini unakuja upande wako. Wapo wazee ambao hata hivyo hawakipokei mkononi. Inabidi ukilaze chini kwanza, nao ndipo wakiokote, maana makali yakitoka mkono hadi mkono, wanasema, huleta ugomvi. Sitabishana na imani hiyo. Inamlazimu kila mtu atulie kidogo kabla makali hayajabadilisha mwenyewe.

Kazi nyingine ya kisu haina mlo ndani yake. Ng'ombe aliyekula majani machanga yenye umande, au aliyevamia nafaka, huvimba upande wa kushoto. Gesi inajaa kwenye tumbo kubwa, haipati njia ya kutokea mdomoni, mapafu yanabanwa, na mnyama anaweza kufa muda mfupi tu baada ya kuanza kuhema. Daktari wa mifugo ana chombo chake cha kutobolea, chuma chenye ncha ndani ya kibomba. Mchungaji aliye mbali na daktari ana kisu. Nilimshuhudia mmoja. Alisimama upande wa kushoto wa ng'ombe, akapapasa nyuma ya ubavu wa mwisho, akatafuta pale ambapo kila siku pana shimo na siku hiyo palikuwa pamekaza kama ngoma. Akachoma mara moja, ncha ikielekea mbele na chini. Halafu hakukichomoa. Alikizungusha bapa kidogo ili tundu libaki wazi, akakishikilia hivyo, na upepo ukatoka kwa mluzi pamoja na povu la kijani na harufu ya pombe iliyochacha. Tulisimama pale tukisikiliza ubavu ukishuka. Ng'ombe alipoanza kucheua, mchungaji alikiosha kisu kwa maji ya dumu, na jioni ileile nilikiona kikimenya muwa. Nilikaribishwa. Nilisema nimeshiba.

Hakuna hata moja kati ya kazi hizo ambayo bastola ingeweza kuifanya. Najua ni ulinganisho wa uonevu, kwa sababu bastola haikutengenezwa kukata muwa. Lakini nasema hivi kwa sababu watu wanaovibeba vyote viwili huvitaja kwa pumzi moja, kama ndugu, "vifaa vyangu vya kila siku." Cha kila siku ni kimoja. Kile kingine kinabebwa kila siku kwa matumaini kwamba siku yake haitafika.

Visu vya huku havitoki vyote dukani. Miongoni mwa Wadatoga, ambao Wabarabaig ni tawi lao, uhunzi ni kazi ya ukoo maalumu, Gidang'odiga, na kwa desturi koo nyingine hazikuoana nao ingawa hazikuweza kuishi bila wao. Hao ndio waliofua mikuki ya wafugaji, bangili za wake zao, na hata vichwa vya mishale ya Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi, waliolipa kwa asali na nyama. Chuma chao ni chakavu: misumari, nondo, springi za magari. Kisu cha rafiki yangu, kwa maneno yake, kilikuwa springi ya trela la shamba la ngano, na kwa Basotu sioni sababu ya kubisha. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lililima hapa mashamba makubwa ya ngano yaliyofikia kiasi cha ekari laki moja, na ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig. Mwaka 1981 kijiji cha Mulbadaw na wenzao walikwenda Mahakama Kuu Arusha kudai ardhi yao. Walishinda kwanza, wakashindwa kwenye rufaa. Mashine za wakati huo zilipokufa, chuma chake kilibaki, na mhunzi hajali kilitoka kwa nani.

Lakini silaha ya wazee wa hapa haikuwa kisu. Ilikuwa mkuki. George Klima, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyeishi na Wabarabaig na kuandika kitabu juu yao kilichotoka mwaka 1970, anaeleza jinsi kijana aliyemuua simba, tembo, au mtu aliyehesabiwa kuwa adui wa kabila, alivyozungushwa kwa ndugu akipewa ng'ombe kwa ushujaa wake. Majirani, Wairaqw na Wanyiramba, wanaikumbuka desturi hiyo kutoka upande wa pili, na hawaikumbuki kwa kuisifia. Ninachotaka kukitaja hapa ni jambo moja tu juu ya mkuki: haukuwa na siri. Mtu mwenye mkuki ulimwona akiwa bado mbali kuvuka mbuga, ncha ikimeta juu ya kichwa chake, ukaamua mapema kama utamsubiri au utabadilisha njia. Akifika nyumbani kwa mtu aliuchomeka nje. Kila aliyeingia alijua kuna mgeni na mgeni ana nini.

Bastola imerithi kazi ya mkuki lakini ikachukua tabia ya kisu: inajificha. Nadhani hapo ndipo usumbufu wake ulipo. Tuna adabu ya zamani kwa silaha inayoonekana na tuna adabu ya zamani kwa kisu kilicho ndani ya ala. Kwa silaha iliyo chini ya shati adabu bado hatujapata. Rafiki yangu akiingia kwa watu, atasema? Akisema, amejigamba. Akinyamaza, amewaficha wenyeji wake jambo wanalostahili kulijua. Yeye hunyamaza na kukaa karibu na mlango.

Kwa nini bunduki ilikuwa adimu kwetu na kisu hakikuwa? Si bahati. Tarehe 2 Julai 1890 madola ya Ulaya yalitia saini Mkataba wa Brussels, unaokumbukwa zaidi kwa kupiga vita biashara ya utumwa. Ndani yake mna vifungu vilivyozuia kuingiza silaha za moto katika sehemu kubwa ya Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Bunduki za kisasa, zenye mifereji ndani ya mtutu, zilibaki kwa wenye makoloni. Mwafrika aliachiwa mlango mwembamba: bunduki za gumegume na baruti ya kawaida, tena kutoka ghala la serikali. Gobore ambalo mpaka leo hukamatwa na askari wa wanyamapori, lenye mtutu wa bomba na kitako cha kuchonga kwa panga, ni mjukuu wa kifungu hicho.

Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 1902, huko Solingen, mji wa wafua visu wa Ujerumani, kikaanza kutengenezwa kisu cha kukunja kinachoitwa Okapi, maalumu kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Ujerumani barani Afrika. Nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika ilikuwa ndani ya mojawapo. Mpini wa mti, bapa jembamba lililopinda kidogo, na kuanzia mwaka 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Kwa hiyo Ulaya ileile iliyotufungia bunduki ilituuzia kisu cha mfukoni. Mkoloni alijua tofauti ya vitu hivi viwili vizuri kuliko sisi tunaovitaja pamoja. Mwenye kisu atachuna ngozi, ngozi italetwa sokoni, na sokoni pana kodi.

Serikali yetu wenyewe imeshika mstari huohuo kwa sababu zake. Sheria ya Silaha na Risasi ya mwaka 1991 ilifutwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na anayetaka bastola bado anaanza safari yake kwa viongozi wa kijiji au mtaa wake, wanaotakiwa kusema kama ni mtu wa kuaminika au ni mgomvi. Kutoka hapo maombi hupanda kata, polisi, kamati ya ulinzi na usalama. Mwaka 2016 wamiliki nchi nzima waliitwa kupeleka silaha zao zihakikiwe upya. Rafiki yangu anakumbuka foleni: wafanyabiashara, wazee wenye bunduki za kuwindia walizorithi, mmoja na silaha iliyofungwa kwenye khanga. Leseni ni ya mtu mmoja kwa silaha moja. Akimpa dereva amshikie wakati anaoga mtoni, wote wawili wako pabaya.

Kisu hakina daftari. Hata hivyo sheria haijakisahau. Kanuni ya Adhabu ina kosa la kutembea na silaha hadharani, bila sababu halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu. Neno la kuangalia hapo ni namna. Kwa bastola swali la kwanza la askari ni karatasi: iko wapi, ya nani, namba inalingana? Kwa kisu swali ni ulikuwa unafanya nini nacho, wapi, saa ngapi, na uso wako ulikuwaje. Kisu cha ala kwenye mkanda wa mchungaji hakimtishi mtu. Kisu hichohicho mkononi mwa kijana aliyesimama mlangoni mwa kilabu usiku ni kesi. Sheria inamwachia jirani ahukumu, na majirani huhukumu hivyo tangu zamani.

Wala tusikipambe kisu kupita kiasi. Ugomvi wa pombe unaomalizikia hospitali ya Haydom haukuhitaji leseni ya mtu yeyote. Kisu kipo, kiko karibu, kina makali kwa sababu asubuhi kilichuna mbuzi, na mkono uliolewa hauna haja ya kwenda mbali. Bastola ya rafiki yangu, kwa upande mwingine, imemfanya mtu mpole. Pombe ameacha siku za mnada. Ng'ombe wake akidaiwa kuwa na alama ya mwingine sikioni, anarudisha pesa kabla sauti hazijapanda. Mara moja nilimwona akitukanwa na dalali mbele ya watu, matusi ya mama yake, akageuka akaenda zake. Nilimwuliza baadaye.

"Ndugu yangu," akasema, "ningekuwa na fimbo tu, ningemchapa. Nikiwa na ile siwezi hata kumsukuma. Akinishika kiuno je?"

Ndiyo bei ya kitu kile. Mtu mwenye mikono mitupu ana haki ya kugombana kidogo, kusukumana, kupatanishwa, kulipa faini ya kinywaji. Mwenye bastola ameiuza haki hiyo. Kila ugomvi anaouingia una silaha ya moto ndani yake, hata kama mwenzake hajui.

Basi kwa nini anaibeba? Kwa sababu ya pesa na kwa sababu ya barabara. Barabara za mashamba ya ngano zimenyooka, ndefu, na wakati ngano imesimama hakuna nyumba wala mtu. Miaka ya nyuma mfanyabiashara wa ng'ombe alipita hapo na mabunda ya noti ndani ya soksi, ndani ya godoro la lori, ndani ya gunia la pumba. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 silaha za moto zilizagaa nchini na wizi wa mifugo wa kutumia bunduki ukaongezeka. Usukumani na Unyamwezini wanakijiji walijibu kwa Sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakiwa na pinde, mishale na firimbi, na serikali ikaja kuwatambua kisheria baadaye. Wafanyabiashara walijibu kila mmoja peke yake. Sungusungu ilikuwa silaha ya kuazimana kwa maana kamili, kwani ukipiga yowe, mishale ya jirani ni yako. Bastola ni jibu la mtu aliyeamua kwamba yowe halitasikika.

Siku hizi sehemu ya hofu hiyo imehamia kwenye simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na sasa malipo mengi ya ng'ombe yanapita hewani. Si yote. Mzee aliyetembeza dume lake tangu alfajiri anataka kuzishika noti, azihesabu, amrudishie mwanawe azihesabu tena. Lakini bunda limepungua, na rafiki yangu mwenyewe anakiri kwamba namba ya siri ya simu yake inamlinda zaidi ya kile chuma. Bado anakibeba. Mazoea yakishaingia kiunoni, kiuno hujiona uchi bila yale.

Ili nisimwonee, niseme habari ya Abdul Haji. Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013 magaidi waliingia katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, na watu 67 waliuawa katika shambulio hilo. Haji alikuwa mfanyabiashara, raia wa kawaida mwenye bastola ya leseni aliyokuwa akiibeba siku zote. Ndugu yake alimtumia ujumbe kwamba amenasa ndani. Alikwenda, akaungana na askari na raia wengine wachache wenye silaha, wakawa wanawatoa watu ghorofa kwa ghorofa. Ipo picha ya Goran Tomasevic wa Reuters iliyozunguka dunia: mtoto wa kike anakimbia katikati ya ukumbi mtupu kuelekea mkono wa Haji ulionyooshwa, na katika mkono wake mwingine iko bastola. Kila ninapofikia mwisho wa hoja yangu kwamba bastola haiazimiki, picha hiyo inanisimamisha. Siku ile iliazimwa. Aliiazima pamoja na mwili wake, kwa watu asiowajua majina, na baadaye wakarudi makwao na yeye akarudi nayo kwake. Sijui njia nyingine ya kuiazima.

Wengi wanaoibeba kila siku hawatapata siku kama hiyo, na hawapaswi kuiombea. Nchini Marekani, ambako kubeba kisu na bastola pamoja kumekuwa desturi ya wanaume wengi, hoja inayotolewa ni ya kujihami: kisu ni cha akiba, cha kumzuia anayetaka kukunyang'anya bastola. Dennis Tueller, polisi wa Salt Lake City, aliandika mwaka 1983 kwamba mtu mwenye kisu anaweza kukimbia futi 21, yaani zaidi kidogo ya mita sita, ndani ya sekunde moja na nusu, muda uleule ambao mpiga bastola mwenye mafunzo huhitaji kuichomoa na kufyatua. Nilimwambia rafiki yangu habari hiyo tukiwa katikati ya mnada. Aliangalia huku na huku. Kulikuwa na ng'ombe mgongoni kwake, dalali kifuani, watoto miguuni. "Mita sita," akasema, "hapa utazipata wapi?"

Huko huko Marekani sheria zenyewe zimewahi kugeuka kichwa chini miguu juu. Jimbo la Texas liliruhusu wenye leseni kuvaa bastola wazi kiunoni kuanzia Januari 1, 2016. Kisu kirefu cha Bowie, kilichopewa jina la Jim Bowie aliyekufia Alamo, Texas, mwaka 1836, kiliendelea kukatazwa hadharani hadi Septemba 1, 2017. Kwa mwaka mmoja na miezi minane mtu aliweza kuingia dukani na bastola ubavuni, lakini kisu cha shujaa wao wenyewe akiache nyumbani. Na Uingereza, ambako bastola zilipigwa marufuku kwa karibu raia wote mwaka 1997 baada ya mauaji ya Dunblane, kisu unachoruhusiwa kutembea nacho bila kujieleza ni cha kukunja, kisichojifunga, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Kijana wa Hanang aliyehamia London alinieleza jinsi alivyokuwa akijipapasa mfukoni miezi ya kwanza kila alipopewa chungwa. Alijifunza kulimenya kwa kucha.

Rafiki yangu mgongo umeanza kumsumbua na anazungumzia kuacha minada. Tulikuwa tunasubiri lori lipakiwe, ng'ombe wakipandishwa mmoja mmoja kwenye tuta la udongo, wa mwisho akigoma. Nikamwuliza bastola atamwachia nani kati ya wanawe.

"Ile haiachwi," akasema. "Nikifa inarudi polisi. Anayeitaka akaanze yeye mwenyewe, kwa mwenyekiti wa kijiji, aone kama watamsifia."

Ndivyo ilivyo. Leseni hairithiwi, na polisi kila wanapotangaza muda wa kusalimisha silaha huwataja wenye silaha za marehemu waliozificha kabatini.

"Na kisu?"

Hapo hakujibu haraka. Mwanawe mkubwa ameshakiomba. Wa pili anadai aliahidiwa tangu akiwa mdogo, siku aliposhikilia tochi ng'ombe akizaa usiku. Dereva, aliyesikia kutoka juu ya lori, akainama na kusema kwamba kwa miaka yote hiyo aliyekinoa ni yeye, wala asisahauliwe.

"Umeona," rafiki yangu akaniambia. "Hicho ndicho kitakacholeta kikao."